Maswali ya Wasomaji: Uhifadhi wa Afrika Mashariki Ulianzia Wapi, na kwa Faida ya Nani?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Siku ya Mazingira Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 5 Juni kukumbuka kufunguliwa kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 1972. Barua nyingi zilizotufikia baada ya hapo zilitaka kujua historia ya huku kwetu kuliko ya Stockholm. Tumechagua chache ambazo maswali yake yanagusana, na tumezijibu kwa urefu tofauti kulingana na uzito wa kila moja.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wanasoma kwamba uhifadhi uliletwa na Wajerumani na Waingereza, kisha wananiuliza kama mababu zetu hawakuwa wakihifadhi kitu chochote. Niwajibu nini?

Waeleze, Mwalimu, kwamba wakoloni walileta sheria za uhifadhi zilizotungwa mbali na kusimamiwa na askari, lakini desturi ya kutenga sehemu ya ardhi na kuizuia isitumiwe ovyo waliikuta. Katika pwani ya Kenya, Wamijikenda walikuwa na misitu yao ya kaya, ambayo zamani ilizunguka makazi yenye maboma na baadaye ikabaki mahali pa matambiko na makaburi, chini ya wazee walioamua nani aingie, apite njia ipi, na asiguse nini. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza baadhi ya misitu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, na hadi leo ndani yake hupatikana mimea ambayo mashambani imekwisha kutoweka. Wakikuyu hawakukata mugumo, mti wao mtakatifu. Wasukuma walikuwa na ngitili, ambazo tutazirudia hapa chini kwa sababu msomaji mwingine ameziuliza.

Hata hivyo, usiwaache wanafunzi wakadhani kwamba kabla ya ukoloni kila kitu kilitunzwa. Biashara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 iliwamaliza tembo wa maeneo ya karibu na pwani, na ndiyo sababu mojawapo iliyoifanya misafara ya Bagamoyo na Tabora isogee mwaka hadi mwaka mpaka ikafika Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wawindaji, wapagazi na wafanyabiashara wa biashara hiyo walikuwemo Waafrika wengi, na historia ya kweli haina budi kusema hivyo.

Kisha kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nami naliona kuwa kiini cha sura nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa sana ya ng'ombe. Wafugaji walikumbwa na njaa, ndui ikafuata, watu wakafa au wakahama, na nyanda zilizokuwa zikilishwa na kuchomwa moto kwa mpangilio zikafunikwa na vichaka, navyo vikaleta mbung'o na wanyamapori. Maofisa wa Kizungu waliofika wakati huo waliona nchi yenye wanyama wengi na watu wachache, wakaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia. Makosa ya miaka mingi iliyofuata yalianzia katika imani hiyo.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyodai leseni kwa wawindaji na kutenga mapori mawili ya akiba, moja likiwa upande wa Rufiji na jingine karibu na Kilimanjaro. Lile la Rufiji ndilo chimbuko la Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalitia saini mjini London mkataba wa kuwalinda wanyama, ndege na samaki wa Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Mkataba huo haukupata kuanza kutumika, lakini roho yake iliingia katika sheria za makoloni: mtego na mshale vikawa kosa, ilhali bunduki ya mgeni aliyelipa ada ikawa halali. Hivyo ndivyo mwindaji wa kijijini alivyogeuzwa kuwa jangili katika ardhi ya babu zake.

Kwa kuwa uko Morogoro, una mfano wa karibu ambao wanafunzi wanaweza kuwauliza wazee wao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ya milima yao ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, udongo wa juu ni mwembamba, na katika sehemu nyingi matuta yaliutoa juu udongo usio na rutuba, kwa hiyo mavuno yakapungua badala ya kuongezeka. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Mmomonyoko ulikuwa tatizo la kweli, na Waluguru waliujua kuliko ofisa yeyote. Walichokataa ni kuamriwa.

Kwa nini makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yako Nairobi na si Ulaya? (Msomaji wa Bujumbura)

Kwa sababu nchi zinazoendelea zilisimama pamoja katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwishoni mwa mwaka 1972 na kudai kwamba angalau chombo kimoja cha namna hiyo kiwe nje ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kenya iliomba ikapewa, na shirika hilo likawa la kwanza la Umoja wa Mataifa kuwa na makao yake makuu barani Afrika.

Naomba kuelezwa kwa nini Serengeti haiishi watu lakini Ngorongoro watu wamo na mifugo yao, wakati ni nchi moja na wanyama ni wale wale. (Msomaji wa Arusha)

Hapo mwanzo vilikuwa kitu kimoja. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipotangazwa mwaka 1951, Ngorongoro ilikuwa ndani yake, na Wamasai waliokuwa wakiishi humo waliahidiwa kwamba hawataondolewa. Ugomvi kati yao na wasimamizi wa hifadhi uliendelea miaka kadhaa, huku wahifadhi wa Ulaya wakisisitiza kwamba hifadhi ya taifa isiwe na mtu. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia saini waraka wa kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la hifadhi lenye matumizi mseto, ambamo mfugaji na mnyamapori wangeishi pamoja. Huo ulikuwa mpango wa nadra duniani, nao ulikuwa pia fidia ya malisho na maji yaliyopotea upande wa Serengeti.

Miaka hiyohiyo mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo. Michael alifariki Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai, na filamu yao ikaifanya Serengeti ijulikane dunia nzima. Fedha na huruma ambazo filamu hiyo iliziamsha zimewafaa sana wanyama, lakini iliwajengea watazamaji wa mbali picha ya nchi ambayo binadamu wake ni wavamizi. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori, ambalo lisichanganywe na lile la 1967. Ndani yake aliahidi kwa niaba ya nchi yake kwamba wanyama na mapori yao vitalindwa kama sehemu ya riziki na ustawi wa watu wa baadaye, na akaomba msaada wa wataalamu na fedha kutoka nje.

Ahadi ya mwaka 1959 kwa Wamasai imepungua nguvu kadiri miaka ilivyopita. Kilimo kilipigwa marufuku Ngorongoro mwaka 1975, na tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikihamishia familia Msomera, wilayani Handeni, ikisema kwamba wanahama kwa hiari, jambo ambalo wakazi wengi wamelipinga waziwazi. Maoni yetu ni kwamba mtu aliyeitoa Serengeti ili apewe Ngorongoro anastahili kusikilizwa kwanza kabla ya hesabu nyingine yoyote kufanywa.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Nakuru. Nimesoma kwamba Wangari Maathai alipigwa na kufungwa. Nashindwa kuelewa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupanda miti. Kupanda miti kunamkosea nani?

Mti hupandwa kwenye ardhi, na katika Kenya ya wakati ule ardhi ya umma ndiyo iliyokuwa zawadi ambayo wenye madaraka waliwapa wafuasi wao. Lakini Wangari Maathai hakuanza kwa kugombana na mtu.

Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, akasomea baiolojia Marekani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Alipokuwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya aliwasikia wanawake wa vijijini wakieleza shida zao: kuni ziko mbali, maji ni machafu, na chakula cha watoto ni kile kinachoiva upesi kwa kuni chache. Kwa macho ya mtaalamu aliona kwamba shida zote hizo zilikuwa na mzizi mmoja, kwa sababu miti ya milimani ilikuwa imekatwa kupisha kahawa, chai na misitu ya kibiashara. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kuwakumbuka viongozi saba waliotoka katika makabila mbalimbali ya nchi.

Maofisa wa misitu walikubali mwanzoni kuwapa wanawake miche ya bure, kisha mahitaji yakawazidi, wakasita. Hapo ndipo vuguvugu hili, lililojulikana kama Green Belt Movement, lilipopata nguvu yake. Wanawake walianza kuokota mbegu za miti ya kwao wenyewe, wakaziotesha katika makopo na vyungu vilivyovunjika, wakafundishana kijiji kwa kijiji. Walilipwa fedha kidogo sana kwa kila mti, nazo hazikutolewa mche ulipotoka kitaluni bali mti ulipothibitika kuwa umeshika mahali ulipopandikizwa. Naomba wasomaji wetu walioko serikalini na katika mashirika waitazame kwa makini kanuni hiyo, maana bado tunasherehekea miche iliyogawiwa na kupigwa picha, bila kurudi mwaka unaofuata kuona ni mingapi iliyo hai. Kufikia mwaka 2004 wanawake hao walikuwa wamepanda miti ipatayo milioni 30.

Kuna jambo ambalo hunigusa kila ninapoisoma historia hii. Mwaka 1948, katika wilaya jirani ya Murang'a, maelfu ya wanawake waliandamana wakiimba na kucheza kukataa kazi ya lazima ya matuta, kama Waluguru walivyokataa baadaye. Miaka 30 tu baadaye wanawake wa matuta yale yale ya nchi ya Kikuyu walikuwa wakichimba mashimo ya miti kwa mikono yao bila kusukumwa na chifu. Udongo ulikuwa uleule na jembe lilelile, ila safari hii mti ulikuwa wao.

Katika mikutano ya kila kijiji swali la miti lilizaa maswali mengine. Nani alikata msitu huu? Nani alimpa hati? Mwaka 1989 zilipatikana habari kwamba chama tawala kilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi, mahali ambapo watu wasio na uwezo walipumzikia siku za Jumapili. Wangari Maathai aliandika barua kwa kila ofisi iliyohusika na kwa wafadhili wa nje. Wabunge walimkashifu bungeni, Rais Moi akasema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume, na vuguvugu likapewa saa 24 kuondoka katika ofisi ya serikali lililokuwa likiitumia, kwa hiyo kazi ikahamia nyumbani kwake. Wafadhili waliposita, jumba halikujengwa.

Kupigwa ulikokuulizia kulitokea katika Msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000 upande wa kaskazini mwa jiji. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda na wabunge, waandishi wa habari na watetezi wengine kupanda mti getini, wakavamiwa na kundi kubwa la walinzi wenye silaha za jadi. Alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi kuripoti huku akivuja damu, na inakumbukwa kwamba aliitia saini taarifa yake kwa damu hiyo. Agosti mwaka huohuo Rais alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura imezungushiwa uzio, na wakazi wa Nairobi huenda kutembea humo na watoto wao. Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, na alifariki Septemba 2011.

Shikamoo Mhariri. Babu yangu alikuwa na ngitili Shinyanga. Baba alisema zilikufa, sasa naziona tena. Ni nini kilitokea? (Msomaji wa Kahama)

Marahaba. Ngitili, kwa wasomaji wasioijua, ni sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga mvua zinapoanza ili majani yakue, kisha huifungua kiangazi kikali kinapofika, kipande kwa kipande, wakitangulizwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Babu yako aliijua kwa hakika ratiba hiyo bila kuiandika popote.

Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni za kufyeka vichaka Usukumani ili kuwaangamiza mbung'o. Pamba nayo ilidai mashamba makubwa. Kisha operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka katika makazi yao ya asili, na mwenye ngitili akajikuta mbali nayo, bila uhakika kama bado ni yake. Kitu kisicho na mwenyewe huchungwa na kila mtu hadi kinaisha. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mwanzoni wataalamu walitegemea vitalu na miti ya kigeni, ambayo mchwa na ukame viliiteketeza. Walipobadili mwelekeo na kuwauliza wazee, jibu lilikuwa ngitili: zungusha mpaka, zuia mifugo, na migunga itachipua yenyewe kutoka katika visiki na mizizi iliyobaki. Dagashida, yaani mkutano wa jadi wa kijiji, ilitunga kanuni na faini, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakazisimamia. Ngitili zilizokuwa zimebaki mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa na hekta 600 hivi; miaka ya mwanzo ya 2000 makadirio yalizidi hekta 300,000, zikiwa mali za kaya, vijiji, shule na misikiti au makanisa.

Wakati huohuo jambo la aina hiyo lilitokea Babati. Serikali ilitaka kuufanya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake, na vijiji vilivyouzunguka, vikihofu kuupoteza, vikaanza kuuvuna kwa haraka. Mwaka 1994 msitu ulirudishwa mikononi mwa vijiji, vikaweka walinzi na sheria ndogo, na uharibifu ukapungua bila askari wa serikali. Uzoefu huo uliingia katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayoruhusu kijiji kumiliki msitu wake wa hifadhi. Kama ngitili ya ukoo wenu haijaandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ipelekeni kwenye halmashauri ya kijiji mapema, kwa sababu ile ya babu ilipotea kwa kukosa ulinzi huo.

Je, mwananchi asiye na cheo anaweza kwenda mahakamani kwa ajili ya mto au msitu? (Msomaji wa Malindi)

Zamani ilikuwa vigumu sana. Wangari Maathai alipokwenda Mahakama Kuu mwaka 1989 kuzuia jumba la bustani ya Uhuru, kesi ilitupwa kwa maelezo kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha hasara yake binafsi. Dar es Salaam, wakazi wa Tabata walikuwa wameishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na uvundo wa jalala, na walishinda kwa kuwa madhara yalikuwa milangoni mwao. Halmashauri ilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani.

Sasa mlango umepanuliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inasema kwamba mlalamikaji halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Tanzania ina haki kama hiyo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hata serikali imewahi kuzuiwa: Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti, katika kesi iliyofunguliwa na shirika lisilo la kiserikali la Kenya.

Mfano ulio karibu nawe ni Lamu. Wavuvi na wakazi walipinga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira lilifuta leseni yake. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanyika kabla ripoti kamili ya athari haijakuwepo, kwa hiyo watu hawakuwa na cha kujadili. Kwa hiyo, ukiitwa kwenye mkutano wa mradi wowote, dai ripoti uisome kabla ya siku hiyo, andika tarehe na maswali yaliyoulizwa, hifadhi nakala ya muhtasari, na usitie saini karatasi ya mahudhurio isiyoonyesha juu yake mkutano ni wa nini.